Ngozi Iliyokaushwa Jikoni

Kila siku baada ya shule, Tamta aliondoa theluji mlangoni, akamsaidia bibi yake kukamua ng'ombe, kisha akatimua mbio kwenda kwa Shangazi Tsiuri. Siku hizo nyumba ya shangazi haikuwa na pa kukanyaga. Mahema yalitandazwa sakafuni, mifuko ya kulalia ilining'inia kwenye kamba, na masufuria yalirundikwa pembeni. Safari ilikuwa imekaribia.

Safari yenyewe si ya kuchezea. Kazi ya Shangazi Tsiuri ni kuongoza watu milimani, na kila majira ya baridi, theluji ikishashikamana, huwachukua vijana wachache wa kijiji chetu cha Khaldra. Huvuka mlima hadi bonde la pili, wakilala njiani kwenye mahema usiku mara tatu. Hapa kwetu milimani Svaneti hakuna mtoto asiyeisubiri zamu yake. Mwaka huu zamu ilikuwa ya Tamta, Eka na Savle. Bibi yake Savle anaishi bonde la pili, na Savle alitaka sana kumuaga, kwa sababu familia yake ilikuwa inahamia mjini.

Kijijini kwetu hakuna anayevaa viatu vya theluji alivyofuma mwenyewe. Unamfumia mwenzako, na mwenzako anakufumia wewe, ili kila mmoja aifanye kazi kwa moyo. Unapinda ufito wa mti, unaufanya fremu pana, halafu unafuma katikati yake kwa kanda za ngozi mbichi ya ng'ombe. Ukienda mlimani bila viatu hivyo, unazama hadi kiunoni. Tamta alipewa kumfumia Savle, na Savle kumfumia Tamta.

"Ukimaliza, vipeleke darini vikauke kwa baridi, taratibu," Shangazi alimwambia. "Usivisogeze karibu na jiko hata kwa mzaha. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Kusikia alisikia. Lakini theluji ilikuwa tamu, na Eka hakuchoka kumwita wakateleze mlimani. Kazi ikawa ya kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Tamta alipokuja kushtuka, ukaguzi wa vifaa ulikuwa siku inayofuata! Akafuma harakaharaka, kisha bibi yake alipokwenda zizini, akaviweka viatu kando ya jiko la kuni.

Ngozi ilikauka upesi, ikakaza, ikapendeza macho. Tamta akafurahi, akabonyeza ukanda mmoja kwa kidole gumba. Tak! Ukakatika kama mkate mkavu.

Alijua vizuri kwamba ngozi iliyokaushwa motoni haibebi uzito wa mtu. Badala ya kusema, aliunga ukanda ule kwa fundo, akaupaka mafuta ya kondoo mpaka ukang'aa. "Haitatokea kitu," akajiambia.

Siku ya ukaguzi, Shangazi alipokwisha kuvipitia vifaa kwa macho, wote wanne walikaa mezani kwake wakipanga safari. Shangazi alikuwa ameoka kubdari, mkate uliojaa nyama na viungo, na harufu yake ilijaa nyumba nzima.

"Lo! Tamta, hivi umevinunua dukani?" Savle alisema akivigeuzageuza viatu vyake. "Vyako hivi hapa. Nilivifuma, nikavifumua, nikavifuma tena. Baba alisema mara ya kwanza nilifuma banda la kuku."

Eka akacheka. Tamta aliviangalia vidole vya Savle, vilivyochanika kwa kuvuta kanda, akashindwa hata kusema asante.

"Sikilizeni," Shangazi alisema akionyesha kwenye ramani. "Siku ya pili tunapita mteremko huu wa juu. Pale theluji huporomoka, kwa hiyo hakuna kusimama wala kukaa. Savle ana miguu mirefu, atanifuata mimi. Kuna mwenye tatizo lolote? Semeni sasa."

"Hakuna," alisema Savle.

"Hakuna," alisema Eka.

"Tamta?"

"Hakuna."

"Mbona huli?" Eka alimtania. "Tamta akaacha kubdari! Leo dunia inakwisha!"

Tamta alimega kipande kidogo, akakirudisha kwenye sahani. Aliogopa. Aliona aibu. Alijichukia.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Savle alitembea naye akipiga mluzi, viatu vipya vikiwa begani. "Mama ana wasiwasi na ule mteremko," alisema. "Nimemwambia aache hofu, viatu vyangu amefuma Tamta."

Tamta alisimama. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Savle, usivivae! Nilivikausha jikoni. Ukanda mmoja ulikatika, nikaupaka mafuta."

Savle alidhani ni utani, akatabasamu. Kisha tabasamu likaondoka.

"Tulipoulizwa, ulijua?"

"Nilijua."

"Wewe! Ungeniacha nikwame kule juu?" Akavitupa viatu kwenye theluji, akageuka kurudi kwa Shangazi. Tamta aliviokota akamfuata, akilia njia nzima.

Shangazi Tsiuri alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akaviweka viatu sakafuni, akakanyaga kimoja. Kanda tatu zilikatika papo hapo.

"Savle achukue vile alivyonifumia," Tamta alisema. "Mimi nitabaki."

"Na hema lako abebe nani? Kuni akate nani? Nimepanga safari ya watu wanne," Shangazi alisema kwa ukali. "Utafuma upya, vitakauka darini, nasi tutasubiri. Tukichelewa, jua litalegeza theluji na mteremko wa juu hautapitika, kwa hiyo tutazungukia msituni. Usiku utaongezeka mmoja. Chakula cha siku hiyo utabeba wewe."

"Ndiyo, Shangazi."

"Sasa nitazame." Tamta akainua uso. "Kuchelewa kufuma ni uvivu, na uvivu una dawa. Ngozi ikiharibika, ninabadilisha njia. Mtu akiugua, ninabadilisha siku. Lolote nikiambiwa, nitalipangia. Lakini leo nilikuuliza mbele ya wenzako, ukaninyima ukweli, na mimi nilikuwa nimeshampanga Savle apite pale penye kifo. Mwanangu, mlimani tunaishi kwa maneno ya wenzetu. Ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka."

Aliomba msamaha kwa Shangazi, kisha kwa Savle. Savle akageuza uso.

Shangazi alileta ngozi mpya iliyolowekwa, akaiweka kwenye beseni. Tamta akapiga magoti, akaanza kuvuta ukanda wa kwanza. Kisha Savle naye akachuchumaa upande wa pili, akashika ncha ya ukanda.

"Vuta," alisema, bado amenuna. "Vuta sana. Mimi ndiye nitakayevivaa."