Msichana wa Safu ya Mwisho

Duka la fotokopi la chuo lilikuwa limefurika, mashine zikinguruma na joto la karatasi likiwapanda watu usoni. Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi juu ya mdomo wake, alisimama kwenye foleni na gauni lake la kijani, akisubiri kunakili madaftari ya wenzake.

"Samahani, dada. Si wewe unayekaa safu ya mwisho darasa la hisabati?"

Aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa hadi kola, mkononi karatasi za mahudhurio. Alikuwa kiongozi wa darasa. Wote walimwita Mrefu.

"Gauni hili nalijua," akatabasamu. "Leo asubuhi umeingia umechelewa, mtandio hadi kwenye nyusi. Umeandika bila kuinua kichwa. Nikasema, huyu ana akili ya kutisha!"

Kidoti alilitazama gauni lake. Asubuhi hiyo alikuwa kitandani, pazia limefungwa. Alianza kwa kukosa somo moja, la pili akaona haya kuingia bila kuelewa kitu, na sasa wiki ya tano ilikuwa inakatika hajakanyaga darasani. Gauni alilitoa msumarini mchana huo. Alilikuta na uvuguvugu, akadhani ni joto la chumba.

Mrefu akamwonyesha karatasi. Jina lake lilikuwa pale, na saini yake yenye mkia mrefu.

Angeweza kukana. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu afike chuoni mtu kumwita hodari.

"Ndiyo," akasema kwa sauti ndogo. "Ni mimi."

Wakapeana namba za simu, na ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Kila jioni simu iliita.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula maneno yako ya jana."

"Hayo hayashibishi, kipenzi. Tena yana chumvi nyingi."

Kidoti alicheka mpaka mwenzake wa chumbani akageukia ukutani. Huyo alikuwa msichana mkimya waliyemwita Dada kwa kuwa aliwazidi wote umri. Kila asubuhi alitoka na daftari kabla Kidoti hajaamka. Simu ikikatwa, hofu ilirudi. Kidoti alijiambia kesho ataingia darasani. Kesho ikifika, alivuta shuka.

Wiki ya saba Mrefu alipiga, na hakuuliza habari ya chakula.

"Kwenye simu unaniita mpenzi. Darasani nakupungia mkono unainamisha kichwa. Leo nimekusubiri mlangoni, umenipita umeufunika uso kwa mtandio, kama hunijui. Unanionea aibu?"

"Si hivyo, mpenzi..."

"Basi ni vipi?"

Simu ikakatika, na safari hii haikuita tena.

Alilia mpaka kukapambazuka, ndipo usingizi ukamchukua. Alipoamka, Dada alikuwa ameshatoka. Msumari wa gauni ulikuwa mtupu.

Alivaa nguo iliyokuwa karibu, akaenda darasani mbio. Kipindi kilikuwa kimekwisha, watu wakimiminika nje. Mrefu, aliyekuwa akikusanya karatasi, alimtazama, kisha akatazama safu ya mwisho, rangi ikampotea usoni. Kule nyuma msichana mwenye gauni la kijani alikuwa bado ameinama, anaandika. Kwa mbali, hata Kidoti mwenyewe angeapa kwamba anajiona.

Alipanda ngazi hadi safu ya mwisho. "Wewe ni nani?"

Mtandio ukashuka. Alikuwa Dada.

"Usinipigie kelele," Dada akasema taratibu. "Mimi waliniondoa mwaka jana, nilifeli yote. Nyumbani hawajui. Jina lako lilikuwa limekaa bure, nikalivaa."

Kidoti akaketi. Kwa Dada aliona waziwazi mwaka wake mwenyewe ujao, umevaa gauni lake. Akamgeukia Mrefu aliyewafuata.

"Nilikudanganya. Sijaingia humu wiki saba."

Mrefu alimtazama Dada, kisha Kidoti. "Huyu nilimwona mtandio tu," akasema. "Anayenichekesha kwenye simu ni nani?"

"Mimi."

"Basi niliyempenda ni huyo wa kwenye simu. Lakini usinidanganye tena, kipenzi. Leo nimeogopa kweli."

Akamshika mkono, na kwa mkono ule mwingine Kidoti akampigia mama yake kabla moyo haujamgeuka.

"Mama, nimebaki nyuma sana. Nitaomba nirudie masomo haya. Nilikuwa nakudanganya."

"Mbona jana mchana uliniambia umefaulu jaribio?"

"Jana mchana hatukuongea, mama. Nilikuwa..." Alikuwa bafuni. Simu aliiacha chumbani na Dada.

Kule upande wa pili mama alishusha pumzi ndefu.

"Nikajiuliza mbona sauti ni nyingine. Lakini aliniita mama vizuri mno, mwanangu, nikashindwa kumkatiza." "Wewe rudia, hakuna aliyekufa. Ila huyo, muulize mama yake anajua aliko?"

Dada alikuwa amesikia. Kalamu ilimdondoka.

Ukumbi ulikuwa umebaki mtupu. Kidoti aliketi upande mmoja wa Dada, Mrefu upande wa pili. Kidoti akamsogezea Dada simu.

"Piga, Dada. Tupo hapa."

Dada aliitazama muda mrefu. Kisha akaanza kubonyeza namba ya nyumbani kwao, moja moja, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lake.