Wanja wa Semeni

Kila siku asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya Chumbageni, Mwatumu alikuwa na kazi tatu. Kwanza alikwenda na debe bombani. Pili alifagia ua. Tatu alimwamsha mdogo wake Semeni, akamnawisha uso, akamtoa matongo na kumfunga upya nywele zilizofumuka usiku. Kazi hii ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, maana Semeni alikuwa na miaka minne na aliyapenda maji ya uso kama paka apendavyo mvua. Mama yao alikuwa amemwachia Mwatumu mtoto yule, hata watu wa mtaani wakazoea kusema kwamba Semeni ana mama wawili.

Mwaka huo wa 1954 Mwatumu alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili, yuko darasa la nne, na moyo wake haukuwa kwenye debe wala kwenye ufagio. Ulikuwa pwani ya Sahare. Katika ukoo wa baba yake, siku ya mwaka mpya wa Waswahili, ambayo huangukia katikati ya kipupwe, watu walitoka alfajiri na sufuria zao na watoto wao wakaenda kuoga mwaka baharini. Walipika na kula papo hapo mchangani mpaka alasiri. Kabla mtoto mdogo hajatia mguu majini, binti mkubwa wa nyumba alimchotea maji ya bahari kwa kata ya kifuu, akamwonjesha tone, kisha akammiminia kichwani mara saba ili mwaka umpokee kwa heri. Mwaka uliopita hawakwenda kwa sababu ya msiba wa bibi. Mwaka huu kata ilikuwa ya Mwatumu, na mama alikwisha kumshonea gauni la maua kwa ajili ya siku hiyo.

Jambo moja tu lingeweza kumnyang'anya kata ile. Nyumba yenye mgonjwa haikwenda pwani. Wazee waliliweka hilo na hapakuwa na wa kulijadili: mgonjwa hukaa ndani, watu wake hukaa naye, na kata hupewa binti wa nyumba nyingine.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, shangazi Mwanamkasi alifika kwa basi kutoka Pongwe, amembeba mwanawe Uweso mgongoni. Shangazi alikuwa mcheshi, mwenye maneno ya kuchekesha hata msibani, lakini kwa mtoto yule hakuwa na mzaha. Alikuwa amezika watoto wawili kabla yake. Uweso alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, na usiku huo alilala chumba kimoja na Semeni.

Alfajiri Mwatumu akamwendea mdogo wake na kopo la maji kama kawaida. Alipomgusa kipaji cha uso, aliurudisha mkono haraka. Mtoto alikuwa wa moto. Macho yake yalikuwa mekundu na yanachuruzika machozi, na alikohoa kikohozi kikavu.

"Dada, iondoe taa," Semeni alisema. "Inaniumiza macho."

Mwatumu akasimama na kopo mkononi. Uani alimsikia mama akifunga masufuria kwenye kapu, na shangazi akimtania baba kwamba mwaka huu aoge mara mbili, kwa kuwa ule wa jana hakuoga. Akitoa neno moja tu, yale masufuria yatafunguliwa. "Ni mafua," alijiambia. Mtu akitaka kudanganya, wa kwanza kumdanganya ni nafsi yake mwenyewe.

Akamnawisha Semeni kwa maji ya mtungi, akarudia tena ili joto lipungue. Kisha akakitwaa kichupa cha wanja cha mama akampaka mtoto machoni, juu na chini, wanja mzito, mpaka wekundu wote ukamezwa na weusi. Akamfunga mgongoni kwa kanga na kutoka.

"Mbona kalegea hivyo?" mama aliuliza mlangoni.

"Ana usingizi, mama. Usiku kucha hakulala kwa hamu ya pwani."

"Na wanja wote huo?"

"Kwani leo si sherehe?"

Mama akacheka, akajitwika kapu lake. Hakuwa na sababu ya kutomwamini mwanawe.

Huko Sahare watu walikuwa wengi. Miongoni mwao alikuwamo jirani yao Beatrisi, Mkatoliki kutoka bara, ambaye mumewe aliwahi kufanya kazi kambi ya mkonge kabla ya kuhamia mjini. Mama ndiye aliyemwalika aje kula nao. Bintiye Benedikta alikaa dawati moja na Mwatumu shuleni, na mwanawe mdogo, Tadeo, alimeza maji ya chumvi akakohoa mpaka watu wakamcheka.

Watoto wadogo kumi na mmoja walipangwa kwenye mstari ukingoni mwa maji. Mwatumu alishika kata, gauni la maua likipepea, na wanawake wakampigia vigelegele. Wa kwanza alikuwa Semeni, kwa kuwa ni mtoto wa nyumba. Akaonja, akamiminiwa, akalia huku akitetemeka, na wanawake wakasema hiyo ni baridi tu. Wa pili alikuwa Uweso.

"Mwonjeshe mwanangu," shangazi alisema, akimsogeza. "Mwaka huu nimeuomba kitu kimoja tu."

Mwatumu aliitazama kata. Mdomo wa Semeni ulikuwa umetoka pale sasa hivi. Alijua, na huo ndio ukweli wenyewe, alijua kwamba anafanya jambo baya. Akaisuuza kata katika wimbi mara moja tu, akaijaza, akaitia kinywani mwa Uweso. Kisha akaendelea na wengine mmoja mmoja. Wa mwisho kabisa alikuwa Tadeo, mtoto wa wageni. Baada ya hapo chakula kilipikwa, ngoma ikapigwa, watu wakafurahi mpaka alasiri, lakini Mwatumu hakuionja ladha ya wali.

Siku ya tatu vipele vikamtoka Semeni nyuma ya masikio, vikateremka usoni na kifuani. Mama alivitambua mara moja.

"Shurua hii," alisema. "Joto lilimwanza lini?"

"Jana, mama."

Huo ukawa uongo wa pili, nao ulizaa mwingine ambao Mwatumu hakuusema kwa kinywa chake. Mama alipiga hesabu zake akaona kwamba mtoto ameambukizwa pwani, na akakumbuka kikohozi cha Tadeo. Kesho yake bombani akasema maneno mbele ya wanawake wenzake: "Maradhi haya wametuletea wale wa kambini." Neno likishamwagwa bombani halizoleki. Hata jua halikuchwa kabla mtaa mzima haujawa nalo. Beatrisi akija kuteka maji, wanawake walivuta madebe yao kando, na watoto waliitwa ndani Tadeo alipotokea barazani. Hakuna aliyemwuliza mama yake swali lolote.

Shuleni Benedikta alimfuata Mwatumu nyuma ya darasa. "Mwatumu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi mbona mama yako anasema tumewaletea ugonjwa?"

Mwatumu akasema ametumwa, akaondoka. Hakuwa ametumwa na mtu. Alikwenda chooni akalia, na machozi yale hayakumsaidia Benedikta hata kidogo.

Semeni alipona taratibu. Lakini siku ya kumi na tatu baba alirudi kutoka kazini bandarini akiwa amechelewa, akaketi barazani bila kuvua kofia. Alikuwa amepitia hospitali. Shangazi alikuwa ameletwa huko na Uweso tangu asubuhi.

"Shurua imemwingia kifuani," baba alisema. "Anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Dada yangu amekaa tu, amemshika mtoto mguu."

Kesho yake, Jumamosi, saa nne, dresa wa hospitali, msaidizi wa daktari, alifika nyumbani kwa baiskeli. Aliitwa Eliudi, mtu wa makamo, mpole wa sauti. Aliamkiana na mama, akaketi juu ya kigoda na kutoa daftari dogo. Mwatumu alikuwa amesimama mlangoni na Semeni.

"Mama Mwatumu, nataka kujua shurua hii ilianzia kwa nani," alisema. "Hukaa mwilini kimya siku kumi hivi, ndipo huchomoza. Kama kuna watoto wengine waliokaa na huyo wa kwanza, wanaanza kuugua sasa hivi. Nikiwafikia mapema nitawatunza, nitawazuia wasichanganyike na wenzao. Nikichelewa, wengine wataletwa kama alivyoletwa Uweso."

"Ilianzia kwa mtoto wa jirani," mama alisema. "Tadeo. Siku ile pwani alikuwa anakohoa."

"Basi nitaanzia kwao, na kwa wale wanaocheza naye," Eliudi alisema, akaandika.

Mwatumu aliutazama mkono ule ukiandika. Dresa akienda kwa Tadeo, hatawafikia wale watoto wote waliokunywa kwenye kata. Alitamani mtu mwingine aseme, lakini hapakuwa na mtu mwingine aliyejua.

"Si Tadeo," alisema.

Mama akageuka. "Unasemaje?"

"Si Tadeo, mama. Ni Semeni. Alfajiri ile alikuwa wa moto, macho mekundu. Nilimpaka wanja ili usione. Nilitaka kushika kata."

Mama hakumpiga. Ingekuwa nafuu kama angempiga. Alikaa chini, pale pale kizingitini, akaufunika mdomo kwa ncha ya kanga. Eliudi alikata jina alilokwisha kuliandika.

"Waliokunywa baada yake ni kina nani?" aliuliza.

Mwatumu aliwataja wote kumi, kwa utaratibu wa mstari, na nyumba za kwao, mpaka yule aliyekuwa amerudi Maramba na wazazi wake. Hakukosea hata mmoja. Alikuwa amewahesabu kila usiku tangu siku ile. Dresa aliandika upesi, akafunga daftari na kupanda baiskeli.

"Kusema ni vigumu, binti," alisema. "Lakini ungenyamaza leo, ningekwenda njia nyingine."

Alipokwisha kuondoka, mama alisema kwa sauti ya chini, "Wewe ulificha, na mie nikasingizia. Vaa kanga yako twende."

Beatrisi aliwakuta mlangoni pake, akawakaribisha ndani kwa heshima, akawapa mkeka. Mama akaeleza yote, hakujisetiri. Beatrisi alisikiliza mpaka mwisho huku akimpapasa Tadeo kichwani.

"Mwanangu huyu aliugua shurua mwaka juzi, tukiwa kambini," alisema. "Nayo haimrudii mtu. Mngeniuliza ningewaambia. Mimi nimekusamehe, Mama Mwatumu, na mtoto nimemsamehe. Lakini maneno yalisemwa bombani. Yarudishwe bombani."

Kesho yake asubuhi, madebe yakiwa yamepangwa foleni, Mwatumu alisimama mbele ya wanawake wa mtaa akasema alichokifanya. Mama alisimama kando yake akasema la kwake. Wanawake walinong'onezana, mmoja akaguna, kisha yule aliyekuwa wa kwanza kulivuta debe lake siku zile alilisogeza na kumpisha Beatrisi ateke. Jumatatu Benedikta, aliyekuwa amehamia dawati jingine, alirudi kuketi dawati lile lile, ingawa zilipita siku nyingi kabla hawajacheka pamoja.

Mbali na Uweso, wanne kati ya watoto wale waliugua. Eliudi aliwawahi wote na hakuna aliyekufa. Uweso alilala hospitali wiki tatu, na siku sita za mwanzo hakuna aliyethubutu kumwuliza shangazi habari. Mwishowe homa ikashuka, akanyonya, akalia kwa sauti.

Siku waliyoruhusiwa, shangazi alipita Chumbageni kabla ya kurudi Pongwe. Mwatumu alikuwa uani anasugua sufuria. Alipomwona aliosha mikono, akaja mpaka mkekani alipoketi shangazi na kupiga magoti.

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi hakuitikia. Uweso alikuwa mapajani mwake, shingo nyembamba, macho makubwa kuliko uso. Kabla ya kuugua alikuwa ameanza kupiga hatua mbili tatu, na sasa hata kusimama hakuweza. Mwatumu alibaki ameinamisha kichwa.

"Marahaba," shangazi alisema hatimaye. "Nilikuchukia, mwanangu. Siku sita nilikaa pale kitandani nikikuchukia, wala sikufichi, maana kuficha tumeona kunatufikisha wapi."

Mwatumu akaanza kulia. Shangazi alimwacha alie kidogo.

"Wazee husema mficha maradhi kilio humfichua," aliendelea. "Safari hii kilio kilifika mpaka mlangoni. Wewe ukasema kabla hakijaingia, na kwa neno lako watoto wa watu wapo, wanacheza. Lakini ungesema alfajiri ile, huenda na huyu angekuwa anakimbia leo. Yote mawili ni kweli, uyashike yote mawili. Mgonjwa hafichwi hata kwa ajili ya furaha, kwani furaha huja tena mwakani. Na kosa lako usimwachie mwenzio alibebe. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Haya, futa machozi, uje umshike mikono. Daktari kasema afunzwe kusimama kila siku, na mie mgongo wangu umechoka."

Mwatumu alinawa tena, akaja akamshika Uweso mikono yote miwili. Mtoto alisimama akitetemeka, akahesabiwa moja, mbili, akaketi. Mwatumu akamwinua tena.