Mlio wa Namba Tisa

Haya alinisimulia rafiki yangu, fundi wa redio za mawasiliano, mtu asiyependa porojo. Aliitwa kwenye ghala moja lenye giza azipangie namba redio za walinzi, kila moja ilie ikiitwa kwa namba yake tu.

"Namba tisa ifute," msimamizi alimwambia. "Mwenyewe aliacha kazi mwaka juzi, akaondoka nayo bila kuaga."

Fundi hafuti namba kabla ya kuijaribu. Akaiita.

Ti-ti-ti. Mlio ulitoka chini ya sakafu ya saruji, miguuni pa msimamizi. Na betri za redio zile hata siku mbili hazifiki.

"Hebu izime, ndugu yangu," msimamizi alinong'ona, akasogea hatua moja pembeni.

Mlio nao ukasogea, ukatulia chini ya viatu vyake.