Msabaha Aliponyamaza

Nadhira alinyoosha kidole kuuliza tu yule pweza ni wa nani. Hakujua kwamba katika mnada wa samaki wa Bagamoyo kidole kikishanyooka, umenunua.

"Amepata dada mwenye baibui la zambarau!" Msabaha, mnadi, alipaza sauti hadi kunguru wakaruka juu ya bati. "Dada, utambeba, au nimwambie akufuate kwa miguu yake?"

Soko zima likacheka. Mnadi mwenyewe alikuwa na shati jekundu lililopauka kwa chumvi, kikoi kimekunjwa magotini.

"Nilitaka mdogo," Nadhira alisema kwa haya. "Ni wa maabara."

"Maabara? Kafanya kosa gani, masikini?"

Wakabadilishana namba za simu papo hapo. Jioni simu ikalia.

"Mwalimu, pweza kakiri?"

"Kalainika mpaka kawa uji." Nadhira, mtafiti wa chuo kimoja cha Dar, alicheka peke yake chumbani. Akamweleza kazi yake: katika utomvu wa papai bichi mna kimeng'enya, kile kinacholainisha nyama. Yeye hukipachika juu ya chembe za silika, madini ya mchanga, ndogo kiasi kwamba hata vumbi ni jabali mbele yake, ili kisiharibike upesi, siku moja kisafishe vidonda vya wagonjwa.

"Kikishapachikwa kinabaki kilekile?"

"Hapo ndipo penye shughuli. Umbo lake ndilo kazi yake. Chembe ikiwa kubwa, kinajilaza juu yake kama chapati kikaangoni. Kinashika barabara, lakini hakikati tena kitu."

"Basi wewe, mpenzi, uwe chembe ndogo."

Alimwita mpenzi siku ya kwanza, na Nadhira hakumkanya. Wakawa wanakutana Kerege, katikati ya safari zao, wakila mihogo ya kuchoma huku Msabaha akiinadi kwa wapita njia, mwenye mihogo akishika mbavu kwa kucheka.

Posa ilipopelekwa, Ami Mahmoud, aliyemlea Nadhira, alisema ukoo wake haujapata kuoza kwa mpiga kelele wa sokoni. "Aje dukani kwangu, nimwone ana adabu gani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Kwa ajili yangu," Nadhira alimbembeleza.

Msabaha akainama. Akavaa shati jeupe na viatu vya kamba, akauza misumari na saruji. Nadhira akamfundisha kusema polepole, asicheke kwa mdomo wazi mbele ya wakwe, asitanie wateja. Yote aliyashika. Ami akafurahi, posa ikakubaliwa.

"Umekula, mpenzi?" Nadhira alimuuliza kwenye simu.

"Nimekula."

"Kazi?"

"Nzuri."

"Mbona hunitanii siku hizi?"

"Nina adabu sasa," alijibu, na hakuwa anatania.

Nadhira alijipa moyo kuwa ni utu uzima. Kumbe Msabaha aliamini kwamba mchumba wake anaionea haya sauti ile, akawa anaimeza kila siku mpaka ikazoea kukaa tumboni.

Kisha majibu ya maabara yakatoka. Juu ya chembe kubwa kimeng'enya kilikuwa kimeshika vizuri kuliko kwingineko, hata kilipooshwa hakikutaka kubanduka. Akakiwekea kipande cha pweza, akasubiri. Nyama ilibaki ngumu vilevile. Nadhira akaketi na koti lake jeupe, akalia, akampigia simu.

"Rudi mnadani, Msabaha."

"Ami kanikataa?"

"Ami kakukubali. Mimi ndiye nisiyemtaka huyu aliyekubaliwa. Namtaka yule wa kwanza."

"Nimejikunja mpaka nimekuwa hivi, leo unaniambia hivi si vyema?" Akakata simu, akaliacha duka siku hiyohiyo.

Nadhira hakuacha kuwaza. Vimeng'enya alivyofanikiwa kuvibandua, vingine vilirudia umbo na kufanya kazi, vingine wapi. Miezi ikapita. Mwishowe alifunga safari, amekata shauri: atamwambia waoane, awe mnadi, Ami apende asipende.

Aliisikia sauti kabla hajafika. "Jodari huyu kaoga, kajipaka mafuta, anangoja mchumba tu!" Wakaanga samaki walikuwa hoi kwa kicheko. Nadhira akashukuru Mungu, akasogea mbele.

Msabaha akamwona. Mkono wake ukaenda wenyewe shingoni, ukafunga kifungo cha shati.

"Jodari... karibuni," alisema polepole, kwa sauti ya dukani. "Bei ni maelewano."

"Paza sauti, mnadi!" watu wakalalamika. Alijaribu. Haikutoka. Wanunuzi wawili wakahamia kwa mnadi mwingine.

Akamjia, macho chini. "Ami hajambo?"

"Hajambo."

"Ulikuwa na neno, Nadhira?"

Alikuwa nalo, liko mdomoni kabisa. Alimpenda kuliko siku ile ya pweza. Akakitazama kile kifungo.

"Nilikuwa napita tu," alisema. "Rudi kazini, watu wanakusubiri."

Alipofika barabarani, nyuma yake sauti ya Msabaha ikapanda, ikajaa soko lote, na watu wakacheka. Nadhira alisimama akiisikiliza huku machozi yakimtoka. Hakugeuka, asije Msabaha akamwona akanyamaza tena.