Rejeta ya Mafuta

Jumatano, mchana.

Chumba cha nyuma cha duka la Chisala, Kashikishi, kando ya ziwa, kilinuka samaki wakavu na dizeli. Chisala alichora kwa mkaa juu ya boksi. Ghala la tajiri. Lango. Barabara ya lami mpaka Mbereshi. Halafu mlima wa kwenda Kawambwa.

"Jumapili," alisema. "Tajiri na batu yake bote batakuwa kanisani. Panabaki mulinzi mumoja, Kalumba. Tunamufunga. Tunapakia motere za mashua, injini zote. Kawambwa kuko mutu anangoja."

Alisema Kiswahili cha sokoni kwa ajili ya Méschac, fundi Mkongomani aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Mantapala na mkewe Pierrette. Kibemba cha Méschac kilikuwa cha kuombea maji tu.

Dereva alikuwa Davison. Alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Miaka mingi aliendesha minibasi za mji wa Mansa. Tangu amzike mkewe Ireen hakuna kilichomgusa. Si hofu wala njaa. Chisala alimchagua kwa sababu hiyo.

"Ile mutoka haitapanda," Méschac alisema.

Alimaanisha Hilux yao, kuukuu, injini ya dizeli iliyochoka.

"Na muzigo ule, ku mulima, mafuta ya motere itapata moto sana. Ikipata moto inakuwa nyepesi sawa maji. Presha inashuka, vyuma vinakulana. Niko na radiatere ya mafuta, ya kuipoza, nilitoa ku kamyo yenye ilianguka. Tuifunge mbele, upepo uipige."

"Hapana," Davison alisema. "Mipira yake ya kupitisha mafuta ni ya zamani. Mumoja ukipasuka, mafuta yote iko chini. Tumekufa palepale. Weka mafuta mupya, ile nzito. Nikipanda polepole, tutafika."

"Polepole? Na polisi, bale bakapokola, nyuma yetu?"

Wote wawili walimgeukia Chisala.

"Fundi anasema kweli," Chisala alisema. "Funga."

Ijumaa, jioni.

Boneti ilikuwa wazi. Méschac alikuwa ameshaweka rejeta ile ndogo mbele ya ile ya maji, anatafuta pa kuifungia. Chisala alifika, akatazama, akatema mate.

"Toa. Iende vile iko."

"Juu ya nini, mukubwa? Juzi ulisema..."

"Leo nasema toa. Unapoteza wakati."

Simu yake ikalia. Akaenda kuongelea mbali, mgongo kwao. Alipomaliza aliondoka bila kuaga.

Méschac alibaki na spana mkononi. "Yaya Davison, kaka yangu, umeshinda. Furahi basi."

Davison alikuwa bado anatazama kule Chisala alikopotelea.

"Mutu mwenye atapanda mulima na gari bovu anauliza litafika ao halitafika," alisema. "Huyu haulizi tena."

"Unasema nini?"

"Hatakuwa ndani."

Méschac akaweka spana chini.

"Batu banatungoja Mbereshi," Davison aliendelea, sauti ileile, kama anayetaja bei ya sabuni. "Bakapokola. Ameshatuuza kwabo, sisi tunakamatwa na motere, kesi inaisha. Yeye ana kitu kingine anataka mule kwa tajiri."

"Basi tusiende!"

"Anajua nyumba yako. Unakumbuka mwaka jana, yule mwenye alikataa kumubebea muzigo? Waliokota nini ku majivu ya nyumba yake?"

Méschac alikumbuka. Alikaa juu ya tairi. Baadaye alisema, taratibu, kwamba kulikuwa na njia nyingine. Ilipita msituni, karibu na kambi yao, ikatokea Kawambwa bila kugusa lami. Mchanga. Halafu inapanda.

"Gia gani?"

"Ya pili. Njia yote."

Davison alifikiri. Gia ya pili, mzigo mzito, jua la mchana. Hapo hata mafuta mazito yangekuwa maji kabla ya nusu ya njia. Na aliyekataa rejeta alikuwa yeye.

"Mipira ya trekta itaingia?"

"Itaingia."

"Basi nitaitafuta. Funga."

Jumamosi.

Walifanya kazi nyuma ya nyumba ya Davison, maturubai yakiwaziba. Alileta mipira ya trekta, minene, haina ufa. Méschac aliikaza mara mbili. Waliwasha injini wakaiacha ikinguruma. Davison alishika mpira wa kwanza, akasubiri. Joto likaja. Kisha wa pili, unaorudi kwenye injini. Ulikuwa na uvuguvugu tu. Viungo vilikuwa vikavu. Wakaificha mipira kwa gunia. Kwamba Chisala angeweza kufungua boneti asubuhi, wote walilijua.

Jumapili, saa ya ibada.

Chisala hakufungua boneti.

Kwaya ilisikika mpaka langoni. Chisala alitangulia, kitambaa usoni, bastola mkononi. Kalumba alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakula muhogo wa kuchemsha.

"Lala chini!"

Mzee akainua uso. "Mwe ba Chisala," alisema kwa mshangao, kama anayemsalimu jirani. Sauti aliijua.

Risasi moja. Tumboni. Kalumba alianguka na kigoda chake.

"Tulisema kumufunga!" Méschac alipiga kelele.

"Pakia."

Walipakia. Motere baada ya motere, migongo ikiwauma, Hilux ikizama nyuma. Davison alimruka Kalumba kila safari. Alijisikiliza ndani. Kimya.

Chisala aliingia nyumba ya tajiri, mlango ukavunjika. Alitoka na kopo dogo la maziwa ya unga, amelikumbatia kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Dhahabu. Kila mtu ufukweni alijua tajiri hununua dhahabu ya Congo. Hakuna aliyejua inalala wapi, isipokuwa Chisala.

"Pitia lami. Mbereshi. Nafuata na pikipiki."

Hakukuwa na pikipiki. Nyuma ya ghala boti liliwashwa, likalia, likampeleka Chisala ziwani.

"Twende, yaya. Twende!"

Davison aliinama. Kalumba alikuwa anapumua.

"Shika miguu."

"Una kichaa?"

"Shika miguu, Méschac."

Msituni.

Mchanga ulishika magurudumu. Gia ya pili. Matawi yalikwangua milango. Davison hakutazama njia sana kama alivyotazama mshale wa presha ya mafuta. Ulitikisika, ukashuka kidogo, ukakaa. Taa nyekundu haikuwaka. Harufu ya kuungua haikuja.

"Inashika!" Méschac alicheka na kulia kwa pamoja. "Yaya, inashika!"

Nyuma, juu ya magunia, Kalumba aliomba. "Amenshi."

Maji. Hawakuwa nayo.

Njia iligawanyika. Kushoto, kilima na Kawambwa. Kulia, paa za mabati za kambi, na zahanati.

Davison alisimamisha gari.

"Kushoto," Méschac alisema. "Motere iko muzima. Tutafika, minakuapia."

"Tungefika."

"Ukienda kulia ni jela. Mimi banaweza kunirudisha Congo. Unajua nilitoka namna gani kule? Pierrette tu anajua."

"Shuka."

"Yaya..."

"Shuka. Pita mashambani. Nawa mikono mpaka makucha."

Méschac alimtazama, akashuka, akapotea kwenye mihogo. Davison alikata kulia.

Muuguzi, Rosaria, alikuja mbio na machela.

"Weye ni nani yake?"

"Niko mumoja wa bale bamemupiga risasi."

Rosaria alimlaza Kalumba kwenye machela. Alikuwa na kazi. Davison aliketi kwenye benchi nje. Angeweza kuondoka, ufunguo ulikuwa mfukoni. Hakuondoka. Watu wa kambi walikusanyika, wakasimama mbali.

Polisi waliopigiwa simu na zahanati walifika wakiwa na vumbi la Mbereshi na hasira ya kungojeshwa bure. Mkubwa wao alimfunga pingu mwenyewe. Redio yao ikasema boti limeshaonekana upande wa Congo.

Rosaria alitoka, aproni yake nyekundu kwa damu. "Anapumua. Tunamupeleka hospitali ya Nchelenge sasa hivi."

Kitu kilisogea kifuani mwa Davison, kidogo, kikauma. Aliinama mpaka kikapita.

"Mulikuwa bangapi?" afande aliuliza.

"Wawili. Mimi na Chisala."

Afande alitazama kundi la watu. Mbele kabisa alisimama mwanamume aliyevaa shati safi lililolowa mikononi, mke wake amemshika bega. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta.

"Yule analia nini?"

Davison alimtazama Méschac, kisha akatazama chini.

"Simujui," alisema. "Labda ana mutu yake mule ndani."