Shukrani Bila Wasindikizaji

"Bwana we! Hicho si zulia!"

Sylvère aliruka kando, lakini kiatu chake kilikuwa kimeshaacha tope katikati ya kitenge cha manjano. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika, na soko zima la Jabe lilikuwa likisukumana kurudi barabarani. Mwenye kitenge alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda, blauzi nyekundu imembana mabega, kilemba kimelala upande.

"Pole, dada. Sikuona."

"Hauone kitenge cha manjano? Basi hata mwanamuke hauone."

"Mwanamuke namuona."

Wauzaji wa jirani wakacheka. Orpha, mwenye kitenge, naye akacheka, akajishangaa. Tangu avuke mpaka kutoka Uvira akikimbia vita, na mfuko mmoja, hakuwa amecheka mbele ya watu.

Siku zile walipoanza kupendana, Sylvère hakuwa na kazi. Alikuwa na diploma, koti la kijivu lililong'aa viwiko kwa kuvaliwa, na mama huko mtaa wa Mutanga Nord aliyempigia simu kila asubuhi kuuliza kama amepata. Orpha hakuuliza. Alisema tu, "Twende tuombe." Kila Jumatano walifunga pamoja, na jioni wakapiga magoti kwenye saruji ya kanisa, Orpha akilitaja jina la Sylvère mpaka sauti ikamkauka.

"We unaomba kama unagombana na Mungu," Sylvère alimtania wakitoka, mahindi ya kuchoma mkononi.

"Nagombana naye kabisa. Yeye hakasirike, mupenzi. Njo maana nampenda."

Kazi ikaja: kutunza stoo kwenye depo moja ya bidhaa huko Zone Industrielle, eneo la viwanda.

Katika kanisa lao mtu akipata furaha hakai nayo kimya. Huitwa mbele kutoa shukrani, na watu wake husimama wakamsindikiza wakicheza hadi madhabahuni. Msururu ukiwa mrefu, watu husema kweli Mungu ametenda. Asiye na msururu hakuna anayemuuliza Mungu alimtendea nini.

Orpha alikifua kile kitenge cha manjano, akakishona gauni. Jumapili hiyo alikaa ukingoni mwa benchi, tayari kuinuka. Sylvère akapita mbele. Nyuma yake alikuja mama yake, Daphrose, na mashangazi, wote wamejifunga begani vitambaa vya imvutano vya rangi moja, wakitembea kama watu wasiowahi kunyeshewa. Sylvère akashika maikrofoni. Akamshukuru Mungu. Akamshukuru mchungaji, mama yake, mjomba wake, na mkubwa wa depo. Akarudi kuketi.

Orpha akabaki ameushika ukingo wa benchi.

Alasiri simu ikaita.

"Sheri, mbona umeenda bila kuniaga?"

"Nani alikuombea, Sylvère?"

"Ni we."

"Mkubwa wa depo naye alifunga Jumatano?"

"Nisikilize. Kwetu hautaje binti mbele ya watu kama wazazi wa kijana hawajafika kwenye irembo, lango la kwao, kuposa. Wangesema we ni mwanamuke wa ovyo. Nilikuchunga."

"Mama yako anajua kama mi niko?"

"Nitamuambia. Lakini atauliza irembo lenu liko wapi."

"Letu lilichomwa pamoja na nyumba, na baba wamemuzika hapo hapo. Unataka mama yako abishe hodi kwenye majivu?"

Orpha akakata simu.

Mila ile ni nzuri. Ilitungwa na watu wenye malango. Na kila vita vikipita bonde hili la mpakani malango huungua, mila ikabaki imesimama, ikiwauliza waliounguliwa: kwenu ni wapi? Sylvère hakusema uongo, alimheshimu Orpha kweli. Ila heshima hiyo ilimfaa na yeye, kwa sababu ilikuwa pana vya kutosha kujificha nyuma yake, yeye na woga wake wa mama.

Wiki zikapita. Orpha aliuza, akakunja vitenge, akarudi chumbani kula peke yake. Simu za Sylvère ziliita mpaka zikachoka.

Kisha mchana mmoja, sokoni, ikaingia namba ya Uvira.

"Orpha! Nimezaa!"

Ni dada yake, Scholastique, aliyepoteza mimba tatu, na ambaye hakuwa amesikika tangu mtandao wa huko ukatike.

"Muko wazima?"

"Wote! Ni binti. Analia kama we ukiwa na njaa!"

Laini ikakatika. Orpha akasimama, akageuka huku na huku akitafuta wa kumwambia. Muuza nyanya wa jirani alisema "hongera" bila kuinua kichwa, akaendelea kumpimia mteja. Angekuwa amefiwa, wangekuja na mikeka. Kilio cha mgeni hupata watu. Furaha yake haipati hata kiti. Kidole chake kikafika kwenye jina la Sylvère, kikakaa hapo, kikaondoka.

Jumapili mchungaji akamwita mbele.

"Dada Orpha ana shukrani! Walio pamoja naye, wasimame!"

Ngoma ikalia. Hakusimama mtu. Orpha akatembea katikati ya kanisa ndani ya gauni lake la manjano, na wapigaji wakaipunguza ngoma, wakaona aibu kumpigia mtu mmoja.

Sylvère akaanza kuinuka. Daphrose akamshika koti.

"Unaenda wapi? Yule ni nani wako?"

"Njo ule aliniombea kazi, mama. Njo ule nataka kuoa."

"Kwao ni wapi?"

"Kwao ni pale amesimama."

Akajitoa mikononi mwake. Hakucheza, alitembea tu, na kanisa lote likageuza shingo. Orpha alikuwa ameshashika maikrofoni. Alisikia viatu, hakugeuka. Kisha akasogea kidogo pembeni, akaacha nafasi.

"Mungu, asante kwa mutoto wa Scholastique," akaomba. "Asante kwa sababu wako wazima. Na asante kwa huyu. Amechelewa, unamuona mwenyewe. Lakini asante."

Kanisa likacheka, likasema amina. Daphrose alikaa wima, mikono mapajani, akiitazama migongo ile miwili.