Barua za Stoo

Walikutana Kongowea, sokoni, saa ambayo mikokoteni ya viazi haimpishi mtu. Sabah alikuwa amekumbatia kompyuta kuukuu, buibui lake limejaa vumbi, akitafuta fundi. Hashim, fundi wa kompyuta, akaipokea, akauliza kama kweli sanduku hilo bado lina uhai. Sabah akamjibu kwamba kama hawezi aseme, mafundi ni wengi. Basi hapo hapo kijana akapotea kwa mapenzi.

Babake Sabah, Mzee Mbwana, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kisauni, na kila jioni alikagua simu ya bintiye. Mapenzi yakahamia kwenye ile kompyuta kuukuu, iliyokaa stoo ya duka. Sabah aliandika barua, akazificha ndani ya folda aliyoiita Saruji. Kila Jumamosi Hashim alikuja, eti kusafisha virusi, akazisoma na kuacha majibu. Miezi minane hiyo. Kila alipoomba awalete wazee wake kuposa, Sabah alikataa. Alimwogopa babake, wallahi, hofu ya kukosesha usingizi.

Kisha Mzee akanunua kompyuta mpya ya mezani kwake, akataka iunganishwe na ya stoo, aone bidhaa zilizobaki bila kuinuka. Hashim alivuta waya ukutani, akahangaika tangu asubuhi, na ile kuukuu ikakataa katakata kuonekana kwenye ya pili. Mwishowe akachoka, akafungua kila folda iliyomo ionekane kwenye ya mezani, akaenda zake akijipongeza. Mjinga kupindukia.

Alasiri simu yake ikalia.

"Umefungua nini?" Sabah alinong'ona. "Baba kauliza saruji imebaki mifuko mingapi. Nikasema naenda kuhesabu. Kasema hana haja, anaiona hapo mezani."

Hashim alisimama ghafla. "Chomoa waya, mpenzi. Nyuma ya mashine, ule wa buluu."

"Umefanya makusudi. Nilikukataza kuposa, ukaona umfikie Baba kwa njia hii."

"Wallahi nilisahau zile barua. Chomoa."

Sabah akachomoa. Lakini mbele dukani printa ilikuwa imeshanyamaza. Mzee alikuwa amezichapa barua zote. Akamwita bintiye kwa sauti ya chini, Sabah akaitika "Abee" akaja mbele. Aliambiwa amwite fundi wake.

Hashim alifika shati limelowa jasho. Shikamoo yake haikujibiwa. Mzee alikuwa ameshika yale makaratasi kwa mikono miwili.

"Nilidhani nitakuta uchafu," alisema. "Nimekuta jina langu. Limo humu zaidi kuliko lako, na kila lilipo pana neno naogopa. Nina binti mmoja tu, naye ananiogopa kuliko jambazi."

Hashim alianza kusema kwamba wazee wake wako tayari tangu Ramadhani. Mzee akainua mkono.

"Wewe nimeshakusoma. Nataka kumsikia huyu. Nikisema simtaki, Sabah, utafanya nini?"

Miguu ilimwambia Sabah akimbilie stoo. Akasimama pale pale.

"Nitalia, baba," alisema. "Na kesho nitakuja kukwambia tena kwamba namtaka."

Mzee aliyakunja yale makaratasi taratibu, Sabah akajua ameharibu kila kitu. Kisha Mzee akamwambia Hashim wazee waje Ijumaa baada ya swala. Halafu akavuta kiti kingine, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akamwomba bintiye akae karibu naye. Sabah akaketi ukingoni mwa kiti, na Mzee akaona hofu ile bado ipo.